Stensili haishiki kwenye kifuta miguu cha makumbi

Wakuu, nimekata neno KARIBU kwa plota (mashine ya kukata stika), stika ya kawaida, iwe stensili ya kupakia rangi kwenye kifuta miguu cha makumbi sm 40 kwa 60. Stika inabanduka, rangi inapita chini, herufi zinatoka na manyoya. Nakosea wapi?

JIBU: Gundi ya stika inataka uso laini, mkuu. Makumbi ni nyuzi zilizosimama, kwa hiyo inashika ncha tu. Tumia vinili ya fulana, yaani plastiki nyembamba ya kubandikwa kwa pasi. Geuza maandishi kama kwenye kioo kabla ya kukata. Toa herufi, ila vitovu (vipande vya katikati) vya A, R na B vibaki! Ilaze kwenye kifuta miguu, weka kitambaa chembamba juu, kisha kandamiza pasi bila kuiburuza.

JIBU: Na rangi iwe akriliki ya nje, usiongeze maji. Chovya brashi ngumu ya duara, ifute kwenye gazeti, halafu gonga wima. Ukipaka kama ukuta, nyuzi zinalala na kuingiza rangi chini ya stensili. Tabaka 2 au 3 nyembamba. Bandua stensili wakati rangi bado mbichi. Ikikauka inang'oka na nyuzi.

JIBU: Unene wa mistari ya herufi usipungue sm 1. Kiache kifuta miguu saa 24 kabla ya kukanyagwa.