Kubomoa ghala kuukuu shambani Kitale: mkandarasi, mnunuzi wa mbao au vibarua?

Mkulima_Cherangani
Hamjambo wote. Shamba alilotuachia baba lina ghala la mahindi lililojengwa na mlowezi kabla ya uhuru. Nguzo ni za mtarakwa, kuta za mbao. Nusu ya paa ni bati, nusu ni yale mabamba ya kijivu yenye mawimbi. Limeinama na watoto hawaachi kucheza humo, kwa hiyo nataka liondoke kabla ya mvua za Machi. Mkandarasi wa mjini anataka shilingi 220,000 abomoe na kuzoa kila kitu. Mnunuzi wa mbao atabomoa bure, ila kitakachotoka chote ni chake. Au nitafute fundi na vibarua sita, mbao niuze mwenyewe. Mngefanyaje?

FundiBoriti
Usikubali hiyo "bure" kabla hujajua una nini. Mtarakwa ni mti ambao mchwa hawauwezi. Chukua kisu, kichomeke pale nguzo inapoingia ardhini, halafu juu inapopokea boriti, maana maji ya paa bovu huanzia huko. Kikizama, hiyo ni kuni. Kisipozama, ihesabu. Miaka ile ya marufuku ya kukata miti, kuanzia 2018, nilizunguka mashamba mengi nikitafuta mbao za namna hii, na wazee walinipa kwa bei ya kutupa kwa sababu hawakujua thamani yake. Naye mkandarasi muulize mbao zinabaki kwa nani. Wengine wanakutoza kubomoa, kisha wanaziuza.

MamaNjoro
Ndugu yangu, mimi nimekwama kwenye hayo mabamba ya kijivu. Ghala la umri huo, hiyo karibu hakika ni asbesto. Tafadhali asipande mtu na nyundo! Bamba likivunjika linatoa nyuzi usizoziona kwa macho, zinakaa mapafuni, na saratani yake huweza kujitokeza baada ya miaka ishirini, hata arobaini. Kenya iliipiga marufuku 2006, na kuiondoa ni kazi inayosimamiwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Bamba linaloweshwa maji, linafunguliwa zima bila kukatwa, linafungwa kwa plastiki nzito, na anayelisafirisha lazima awe na leseni ya taka hatari. Kwetu paa la zizi liliangushwa kwa mitaimbo, na watoto wangu wakachorea ardhini kwa vile vipande. Hatukujua. Mpaka leo nikimsikia mmoja wao anakohoa, moyo unanishtuka.

Mkulima_Cherangani
Pole sana, mama. Mkandarasi alilizunguka ghala lote na hakutaja paa hata kidogo.

Msimamizi_Eldoret
Basi huyo mwache. Mwingine utakayempata, omba namba yake ya usajili wa NCA, mamlaka ya taifa ya ujenzi, uihakikishe, na akuonyeshe bima ya wafanyakazi. Vibarua wana bei nafuu, nakubali, lakini ukiwaajiri wewe ndiwe mwajiri: mtu akiangukiwa na boriti, sheria ya fidia ya 2007 inakuangalia wewe. Ningegawa kazi. Wenye leseni waondoe asbesto tu. Mabamba yakishaondoka, fundi mzoefu ashushe bati, kuta, halafu nguzo, akiwa ameegemeza upande ulioinama. Lisivutwe kwa trekta: litaanguka linakotaka lenyewe, na mbao zitapasuka. Lipa kwa hatua, na kaunti uwaulize kibali cha kubomoa.

FundiBoriti
Na kabla lori halijapakia mtarakwa, pata kibali cha KFS, shirika la misitu la Kenya, cha kusafirisha mbao. Njiani utaulizwa tu. Piga picha ghala likiwa bado limesimama, zionyeshe mbao zilikotoka.

Mkulima_Cherangani
Nimefunga mlango kwa mnyororo na kuzungushia miiba, watoto nimewaambia sababu. Jumatatu nakwenda ofisi ya NEMA hapa Kitale. Fundi, nimepita na kisu kwa chini: nguzo kumi na nne, kimezama kwenye tatu. Juu sijapanda.