Mrututu uliopashwa moto: kwa nini zimebaki gramu 7.1?

Swali
Habari zenu wanajukwaa. Nilipasha moto gramu 10 za mrututu, yaani ile salfeti ya shaba ya buluu, kwenye kibakuli cha kauri kwa moto mdogo, mpaka fuwele zikavunjika na kuwa unga unaokaribia weupe. Kwa kuwa maji ni asilimia 36 ya uzito wake, nilitarajia zibaki gramu 6.4, lakini mizani inasoma 7.1 na haishuki tena. Je, chumvi hii si safi? Na rangi imekwenda wapi ilhali shaba haijaondoka?

Jibu la 1
Ndugu, kipimo chako hakionyeshi uchafu wowote. Kila sehemu moja ya salfeti ya shaba hubeba molekuli tano za maji, nazo hazitoki kwa pamoja: mbili hutoka kwenye takriban nyuzi 63 za Selsiasi, mbili nyingine karibu na 109, na ya mwisho hung'ang'ania mpaka nyuzi 200 hivi. Moli moja (kipimo cha wanakemia cha idadi maalumu ya chembe) yenye maji yote ni gramu 249.7, ikibakiwa na molekuli moja tu ya maji ni gramu 177.6. Gawanya, kisha zidisha kwa 10, utapata 7.1 yako bila pungufu. Moto wako haukufika nyuzi 200.

Jibu la 2
Kuhusu rangi, shaba peke yake haitoshi kuleta buluu. Ndani ya fuwele, kila ioni ya shaba, yaani chembe ya shaba yenye chaji ya umeme, imezungukwa na molekuli nne za maji pamoja na oksijeni mbili za salfeti, na mpangilio huo ndio unaoifanya ifyonze mwanga mwekundu, ukabaki wa buluu. Maji yote yakiondoka, shaba huzungukwa na oksijeni za salfeti tu, ufyonzaji huhamia kwenye mwanga usioonekana kwa macho, na unga huonekana mweupe. Udondoshee maji: buluu itarudi papo hapo, na kibakuli kitapata joto.

Jibu la 3
Ongeza moto kwa uangalifu, kwani ukikaribia nyuzi 650 unga huwa mweusi, yaani oksidi ya shaba, huku ukitoa moshi wa trioksidi ya salfa unaounguza mapafu. Uache upoe ndani ya chombo kilichofungwa kabla ya kupima, maana chumvi isiyo na maji hunyonya unyevu wa hewa ikaongezeka uzito.