Naomba ushauri: skripti haikioni kitufe kilichomo kwenye ukurasa

MjenziMpya
Wakuu, ninaomba msaada. Skripti yangu ya JavaScript nimeiweka ndani ya head (sehemu ya mwanzo ya HTML, kabla ya body yenye maudhui), nayo hutafuta kitufe kwa getElementById, yaani kwa id yake, ili kikibofywa fomu ikaguliwe. Kila ninapofungua ukurasa ninapata null (yaani hakijapatikana), ilhali kitufe ninakiona kwa macho. Nikiihamishia mwisho wa body inafanya kazi. Wengine wananiambia niongeze neno async kwenye lebo ya script, wengine defer, wengine nisubiri tukio la load. Nifuate lipi, na kwa sababu gani?

Tausi_K
Ndugu, kivinjari husoma HTML kutoka juu kwenda chini, na kinapokutana na skripti ya kawaida isiyo na async wala defer, husimamisha usomaji, huipakua ikiwa ni faili ya nje, huitekeleza yote, ndipo kiendelee. Skripti yako inapotekelezwa kitufe bado hakijasomwa, kwa hiyo null ni jibu sahihi kabisa.

Tumia defer. Faili itapakuliwa huku usomaji ukiendelea, kisha itatekelezwa ukurasa wote ukishasomwa, kabla ya tukio la DOMContentLoaded (ishara ya kivinjari kwamba HTML yote imekwisha kusomwa); na faili zikiwa kadhaa, zitafuata mpangilio ulioziandika. Async haina subira hiyo: faili hutekelezwa mara inapofika, na inayowahi ndiyo hutangulia. Inafaa kwa skripti inayojitegemea, kwa mfano ya kuhesabu wasomaji, lakini ikigusa kitufe chako itafanya kazi leo na kushindwa kesho kulingana na kasi ya mtandao, na hitilafu ya namna hiyo ni ngumu mno kuinasa.

Kipanga
Naongezea kwamba defer haifanyi lolote kwa skripti ya kawaida isiyo na src (anwani ya faili ya nje). Skripti ya type="module" (yaani moduli ya JavaScript) huahirishwa yenyewe, hata ikiwa imeandikwa ndani ya ukurasa.

MjenziMpya
Ahsanteni sana. Je, load niiache kabisa?

Tausi_K
Kwa kitufe, iache. Load husubiri hata picha, na mwenye mtandao wa polepole atabofya bila chochote kutokea. Itumie unapohitaji vipimo halisi vya picha.

Jihadhari pia na skripti utakayoiongeza baadaye kwa createElement (yaani lebo yake ikiundwa na JavaScript yenyewe), kwa maana kwa kawaida hiyo hutenda kama async. Huenda ikafika DOMContentLoaded imekwisha kupita, na kazi uliyoifunga kwenye tukio hilo isiitwe kamwe. Angalia kwanza document.readyState, inayoonyesha usomaji wa ukurasa umefikia wapi: ikiwa ni "loading", subiri tukio, vinginevyo, anza kazi papo hapo.