Wiki za mwanzo za darasa la kwanza: shughuli zipi zitangulie kabla ya daftari?

Swali

Habari za kazi, walimu wenzangu. Mwaka huu nimepangiwa darasa la kwanza baada ya kufundisha madarasa ya juu kwa muda mrefu. Baadhi ya watoto wameingia wakiwa tayari wanasoma maneno mafupi, ilhali wengine hawajazoea hata kushika penseli. Ninaomba ushauri kuhusu shughuli zinazoweza kuwafaa wote kwa pamoja, na kama ni sahihi kuchelewesha kazi za daftari wakati wazazi wanatarajia kuona kurasa zilizojaa.

Jibu la kwanza

Mwalimu, ni sahihi kuichelewesha, ilimradi muda huo ujazwe kazi za masikio na mikono. Kabla ya kuoneshwa herufi, mtoto anapaswa kusikia kwamba neno hugawanyika, kwa hiyo wapige makofi kwa kila silabi: ki-ti, ka-la-mu, da-ra-sa. Kiswahili kinatusaidia sana hapa, kwa kuwa silabi zake nyingi huishia kwa irabu, na irabu zenyewe ni tano tu. Maneno kama "mtu" na "mbwa" yahitaji uangalifu, kwani watoto wengi huyapigia kofi moja, ingawa m ya mwanzo ni silabi kamili yenye haki ya kofi lake. Baadaye watafute vitu darasani vinavyoanza kwa silabi uliyoitaja. Wanaojua kusoma watafute maneno yenye silabi hiyo katikati au mwishoni, na mchezo utabaki mmoja kwa wote.

Kwa upande wa kuandika, wafinyange udongo, wararue karatasi na kuchora mistari mchangani ili vidole vipate nguvu. Herufi nazo ninapendelea zipangwe kwa mwendo wa mkono badala ya mpangilio wa alfabeti: c, o, a na d huanza kwa mpindo uleule wa kuelekea kushoto, lakini b huanza kwa mstari wa kushuka. Mtoto anayefundishwa d pamoja na a, kisha b siku nyingine kabisa, hupungukiwa na sababu za kuzichanganya.

Jibu la pili

Ningependa kuongezea kuhusu hesabu, kwa sababu hapa ndipo tunapodanganyika kwa urahisi. Mtoto anaweza kuimba namba hadi 20 bila kuelewa idadi. Mpe vizibo 7 avihesabu, kisha muulize ni vingapi. Akirudia kuhesabu upya tangu mwanzo badala ya kujibu "saba", huenda bado hajatambua kwamba namba ya mwisho aliyoitaja ndiyo idadi ya vyote. Vitawanye vizibo vilevile na umuulize tena, kwani wengine huamini kwamba vikitawanyika vimeongezeka. Nakushauri usiharakishe kufika 10. Waache wagundue kwa mikono yao kwamba 5 ni 4 na 1, tena ni 3 na 2, mpaka waweze kusema ni vingapi ulivyovificha kiganjani kwa kutazama vilivyobaki mezani.

Mwuliza swali

Ninawashukuru sana. Je, nifanyeje kwa mtoto ambaye hasemi lolote darasani?

Jibu la tatu

Usimlazimishe kujibu mbele ya wenzake. Mruhusu aoneshe jibu kwa kidole, kwa makofi au kwa kupanga vizibo, kwa maana shughuli zote zilizotajwa hapo juu zinaweza kufanywa bila maneno, kisha mwoanishe na mwenzake mpole ambaye atazoea kuzungumza naye kwa sauti ya chini. Andika unachokiona kila wiki: anasikia silabi, anatambua jina lake, anahesabu vitu kimoja kimoja. Kumbukumbu hizohizo, zikiandikwa kwa kila mtoto, ndizo utakazowaonesha wazazi wanaouliza kwa nini daftari bado ni tupu.