Naomba ushauri: kasuku mgonjwa anahitaji makao mapya

Habari zenu wapendwa. Niko Mombasa, nina kasuku wa kijivu, yule wa mkia mwekundu. Jirani alihama akamwacha kwenye tundu barazani, kifua kitupu kwa kujinyonyoa manyoya. Alizoea kulishwa alizeti tu, akawa anashikwa na degedege hadi kuanguka chini.

Daktari wa mifugo alisema amepungukiwa na kalsiamu. Sasa anapata dawa, sukuma wiki, karoti na jua la asubuhi. Degedege imetulia, lakini akiachwa peke yake anarudia kujinyonyoa.

Shida ni kwamba mwanangu ana pumu, na kasuku hawa hutoa unga mwingi wa manyoya. Napiga deki kila siku, bado usiku mtoto anabanwa kifua. Inaniuma sana, ila lazima ahame.

Nimeulizia kwa watu. Wengi wanataka kujua bei, au kama anaongea. Simuuzi! Kumwachia porini nako ni kumuua, hajui kujitafutia chakula.

Tangu 2017 kasuku hawa wako kwenye daraja la juu la ulinzi wa CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini), na jirani hakuacha karatasi yoyote. Basi naomba kujua: nikimpata mlezi mwenye kibali cha KWS (shirika la wanyamapori la Kenya), utaratibu wa kumkabidhi ndege ukoje, na nianzie ofisi gani? Pili, afanyiwe vipimo gani kabla hajachanganywa na kasuku wengine? Kama unamjua daktari wa ndege hapa Pwani, tafadhali nielekeze.