Mpango wa taka wa kaunti ya mashambani: lori moja na dampo moja vinatosha?

Mchora_Ramani
Habari wadau. Naandaa mpango wa taka ngumu wa kaunti ya mashambani. Miji midogo ni 6. Mkubwa una watu kama 15,000, na soko lake ni Jumanne na Ijumaa. Rasimu niliyoikuta inataka lori moja la kushindilia taka na dampo moja karibu na makao makuu. Mji wa mbali uko kilomita 60, nusu ya njia ni vumbi. Makadirio ya taka yametolewa Nairobi yakabandikwa hapa. Nianzie wapi?

Trela_Mbili
Anza kwa kulifuta hilo lori. Lori la kushindilia lina maana pale taka ni nyepesi, maboksi na chupa tupu. Za kwetu ni maganda ya ndizi, majani ya kabeji na majivu, kilo 250 hadi 350 kwa mita ya ujazo kabla hujazigusa. Ukizibana unakamua maji tu, yanachuruzika barabarani na kula bati la boksi. Siku bomba la haidroli likipasuka, miji yote sita inanuka pamoja.

Mji wako mkubwa: watu 15,000 kwa kilo 0.4 ni tani 6 kwa siku. Ukimudu kuzoa asilimia 60 mwanzoni, ni tani 3.6. Trela ya mita za ujazo 4 hubeba tani 1.2, kwa hiyo ni safari 3. Trekta moja, trela mbili: moja inajazwa sokoni, nyingine iko njiani. Hiyo inafaa dampo likiwa ndani ya kilomita 10; zaidi ya hapo mwendo wa trekta unaimaliza siku. Basi kila mji, au miji miwili iliyo jirani, iwe na dampo lake dogo.

Na usipange kuzoa maboma. Boma lenye shamba humaliza maganda yake kwa mbuzi na shimo la mboji. Linaloshindwa nalo ni nepi, vioo na betri za tochi. Hivyo viwekee kituo sokoni, vizolewe kila wiki.

Mizani50
Hiyo 0.4 ni ya kuanzia tu, nenda kapime. Nyumba 40 hadi 50 kila mji, za kipato tofauti, siku 8. Takwimu za siku ya kwanza zitupe, maana watu hufagia mpaka uvunguni na kukukabidhi taka za mwezi mzima. Siku zote mbili za soko ziwemo. Soko, hoteli na machinjio vipimwe kando, visigawanywe kwa idadi ya watu.

Uzito kwa ujazo: ndoo ya lita 20, ijaze, idondoshe mara 3 kutoka sentimita 10, ongeza hadi ijae tena, ndipo uipime. Kilo 6 ni sawa na 300 kwa mita ya ujazo. Rudia ndoo 10, na uandike kama mvua ilinyesha.

Majivu yaandikwe peke yake. Yanapandisha uzito, na kaa moja lenye moto linatosha kuunguza trela nzima.

Mboji_Kwanza
Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inadai zinazooza zitengwe na zisizooza. Sokoni ndiko kwepesi, lakini zitengwe pale pale kibandani. Zikifika uwanja wa mboji zimechanganyika, vioo vimo ndani, na mkulima akijikata mara moja harudi.

Tuta la mboji liwe na kimo cha mita 1.5 na upana wa 2.5. Joto la ndani likae nyuzi 55 hadi 65. Geuza kila wiki kwa wiki 8, kisha liache likomae mwezi mmoja. Kabeji peke yake inageuka uji unaonuka, kwa hiyo ndoo 2 za mboga kwa 1 ya mabua makavu ya mahindi yaliyokatwakatwa. Shika konzi moja ukamue: maji yakichirizika, ongeza mabua; donge likivunjika hapo hapo, nyunyizia maji. Uchafu wa tumbo la ng'ombe unafaa sana. Damu usitie, utaita mbwa wa tarafa nzima.

Tani 2 za soko hutoa mboji kama tani 0.7. Mauzo yake usiyaandike kama mapato. Faida yako ni safari zilizopungua.

Mchora_Ramani
Asanteni. Kuna timbo la mawe lililoachwa kilomita 4 kutoka mjini, na madiwani wanalitaka liwe dampo kwa kuwa shimo tayari lipo. Na upande wa fedha?

Trela_Mbili
Ubaya ni huo huo, shimo lipo. Mwamba wa timbo una nyufa, na maji ya taka hushuka nazo hadi visimani. Tafuta udongo wa mfinyanzi, na chini ya mtaro wa kufukia taka pabaki walau mita 2 kabla ya kufikia maji, kipimo kichukuliwe wakati wa masika. Tathmini ya athari kwa mazingira na leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, vitangulie tingatinga.

Ukitoa tani 2 za soko zinazokwenda kwenye mboji katika zile 3.6, inabaki 1.6 kwa siku, kama tani 584 kwa mwaka. Zikishindiliwa kwa trekta hadi nusu tani kwa mita ya ujazo, pamoja na udongo wa kufunika, unahitaji mita za ujazo 1,400 hivi. Mtaro wa upana mita 4 na kina 2.5 utakwenda urefu wa mita 140 kwa mwaka. Udongo uliochimbua ndio unaofunikia, sentimita 15 kila jioni, na upande wa mlimani chimba mfereji wa kugeuza maji ya mvua. Tenga ardhi ya miaka 15 sasa hivi. Dampo la Dandora, Nairobi, lilitangazwa kujaa 2001, na malori yaliendelea kuingia.

Fedha: trekta hununuliwa kwa bajeti ya maendeleo, lakini dizeli, mishahara, buti na glavu viko kwenye matumizi ya kawaida, na hapo ndipo mipango mingi hukwama. Omba bunge la kaunti litenge sehemu ya ushuru wa soko kwa dizeli, maana mgao wa Hazina huchelewa na taka hazingoji. Usisahau tairi za trela. Misumari na vioo vya dampo huzimaliza, kwa hiyo nunua mbili za akiba tangu mwezi wa kwanza.