Ushauri: masalio ya SACCOS yanapishana shilingi moja moja, tubadilishe kompyuta?

Mama Leja: Habari zenu wakuu. Natunza hesabu za SACCOS yetu. Kijana mmoja alitutengenezea programu, lakini kila nikifunga mwezi jumla haikubaliani na vocha. Mwanachama mmoja ana akiba ya 18,450,275, nimeingiza kwa mkono wangu, ripoti inatoa 18,450,276. Wenye akiba ndogo hawana shida kabisa. Mwenyekiti anataka tununue kompyuta mpya. Naombeni ushauri kabla hela za wanachama hazijatoka.

Fundi Kanzidata: Mama, msinunue kitu, mashine ni nzima. Muulize kijana safu ya salio ameipa aina gani ya namba. Dalili zote ni za float ya biti 32, yaani aina ya kuhifadhi namba zenye nukta kwa nafasi ndogo. Hiyo inashika kila namba nzima hadi 16,777,216. Ukivuka hapo inaruka mbili mbili. 18,450,275 haina pa kukaa, inasogezwa kwa jirani. Ndiyo maana wa akiba ndogo wamesalimika.

Mama Leja: Nimempigia, ni float kweli! Anasema ataweka double, yaani float yenye nafasi mara mbili. Inatosha?

Mzee wa Kobol: Shilingi nzima itazibeba vizuri, ila senti zitakusumbua. Kompyuta inahesabu kwa 0 na 1, na kwa hesabu hiyo sehemu ya kumi haiandikiki ikaisha, kama sisi tunavyoandika theluthi 0.333 bila mwisho. Jumlisha 0.1 na 0.2 kwenye double, unapata 0.30000000000000004. Hili si geni. IBM 1401 ya mwaka 1959, mashine ya maofisi, ilihesabu kwa desimali, yaani kwa makumi kama sisi. System/360 ya IBM ya 1964 ilikuwa ya baineri, yaani ya 0 na 1, lakini ikapewa pia amri za desimali kwa ajili ya biashara. Aweke DECIMAL(18,2), yaani aina ya desimali yenye tarakimu 18, mbili zikiwa za senti, au ahifadhi senti kama namba nzima.

Fundi Kanzidata: Naunga mkono. Lakini angalizo, mama: kubadili aina ya safu hakurudishi shilingi iliyokwisha potea. Kila salio lililowahi kuvuka 16,777,216 lijengwe upya kutoka kwenye vocha, muamala kwa muamala. Na kuhusu riba, kamati iandike kabisa senti zinakadirishwa wakati gani na kwa kanuni ipi, halafu programu ifuate hivyo hivyo.

Mama Leja: Vocha zote zipo kabatini. Jumatatu naanza na wa akiba kubwa. Asanteni sana wakuu.